Kibodi Iliyotaka Hasira

Da Dzigbɔɖi Amenuvɔ alichapa hukumu za mahakama hapa mjini Ho, Ghana, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna ofisi iliyowahi kuandika jina lake sawasawa. Mashine hazikuwa na ɔ wala ɖ. Kitambulisho kilimwita Dzigbordi, kitabu cha benki Zigbodi, na barua ya kumuaga kazini, ile ya kumshukuru kwa utumishi uliotukuka, ilimwita Bwana Digbody. Da ni heshima tu, yaani Dada, kama Efo alivyo Kaka; jina lenyewe kwa Kiewe maana yake ni Subira. Aliisoma barua ile hadi mwisho, akaikunja mara nne, akaisokomeza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba, akaenda zake nyumbani.

Hakukaa nyumbani hata mwezi. Efo Bansah, mwenye duka la uchapaji la Akɔfafa, alimfuata akamwomba aje atuchapie. Mimi ndiye mkata karatasi na mpakaji gundi wa duka hilo, kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona. Kazi yetu kubwa ni misiba. Kwetu mtu hajafa mpaka achapishwe: bango lenye picha yake ukutani, kisha kitabu cha ibada chenye maisha yake, nyimbo, sala, na orodha ya wafiwa ambayo ukimruka shemeji mmoja utaanzisha msiba wa pili.

Da alikuja na kero mbili. Ya kwanza ni vidole vyake vidogo vya mwisho, ambavyo kwa miaka thelathini na mmoja vilikuwa vikijinyoosha kwenda kubonyeza vitufe vya pembeni, mpaka vikakauka kama vijiti vya kuchokolea meno. Ya pili ni majina ya marehemu.

"Mtu amekufa, hawezi tena kulalamika," alisema siku ya kwanza, "na sisi tunamzika kwa jina la mtu mwingine. Akiitwa huko, ataitika vipi?"

Herufi zetu zilikuwamo ndani ya kompyuta, lakini zilifichwa kwenye jedwali refu lenye alama za dunia nzima. Kila ɔ ilibidi aifungulie jedwali, aitafute, aitoe, arudi. Alikuwa kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele huku wageni wamekaa mezani.

Ndipo fundi wetu wa kompyuta, Efo Selasi, alipomletea kibodi moja nene, nzito kama tofali, iliyotoka kwenye shehena ya mitumba.

"Da, hii ina ubongo wake ndani. Unaweza kuuandika upya, ukaiambia kila kitufe kifanye nini."

"Na itasikia?"

"Itasikia kuliko mume."

"Mimi sijawahi kuwa na mume, Selasi. Nitajuaje kama inasikia sana au kidogo?"

Aliichukua. Kwa wiki tatu alikaa na daftari la kaunta, akiandika amri, akizifuta, akimpigia Selasi simu wakati Selasi yuko kanisani. Wiki ya tatu aliniita, akanionyesha vitufe vile vya pembeni: kile cha herufi kubwa, kile cha amri, na mwenzao wa tatu.

"Kafui, unawaona hawa? Hawa ni machifu. Ukimbonyeza mmoja peke yake, hasemi kitu. Anangoja mwingine aandike, yeye aamuru tu. Kazi hiyo moja tu tangu asubuhi mpaka jioni, na wanakaa mbali ili vidole vyangu viwafuate. Sasa nimewahamisha, wako hapa chini ya dole gumba. Na watalima."

"Watalima nini?"

"Huyu wa herufi kubwa, ukimshikilia, bado ni chifu, anakuza herufi. Ukimgusa tu na kumwacha, anatoa ɔ. Huyu wa amri, ukimshikilia ndiyo zile amri zake za kufungua, kufuta na kuchagua kurasa zote. Ukimgusa tu, anatoa ɖ. Na huyu wa tatu anatoa ŋ."

"Sasa kibodi itajuaje kama umegusa au umeshikilia?"

"Kwa muda. Ikate sekunde moja vipande saba. Kidole kikikaa chini ya kipande kimoja, nimegusa. Kikizidi, nimeshikilia."

"Kwa nini saba?"

"Nimejipima mwenyewe, jana."

Hiyo jana ndiyo iliyotuletea balaa. Siku moja kabla yake, kwenye mazoezi ya kwaya, mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda wetu, Efo Gameli Hodzi, aliyefiwa na mkewe miaka mitano iliyopita, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza mbuzi, alisimamisha wimbo mbele ya watu arobaini akasema, "Da Dzigbɔɖi, tafadhali. Sauti yako inafika kwenye ubeti kabla ya Bwana Yesu." Watu walicheka mpaka mzee mmoja akadondosha miwani. Kesho yake Da alikuja kazini na uso uliofungwa kama duka la Jumapili, akajipima vidole, na vidole vilikuwa vinauma vitufe kama siafu.

Kibodi ikafanya kazi ya ajabu. Miezi minne mizima Da aliendelea kumnunia Gameli, na miezi minne mizima alichapa vitabu vya misiba bila kosa. Kɔku aliitwa Kɔku. Watu walikuja kutoka Kpando na Hohoe kufa kwetu, kama alivyopenda kusema Efo Bansah, maana yake kuchapisha. Nilimwona ajuza mmoja akipitisha kidole juu ya jina la mumewe kwenye bango, juu ya ile ɖ, akasema, "Eeh, huyu sasa ndiye yeye."

Kisha Efo Gameli akaja kuomba msamaha.

Alikuja mchana, Jumatatu, amebeba abolo moto, vile vimkate vya mahindi vya kupikwa kwa mvuke, na samaki wa kukaanga kwenye bakuli lenye kifuniko. Alisimama mlangoni akizungusha kofia.

"Da Dzigbɔɖi, nimefikiri kwa miezi minne. Sauti yako haikuwahi. Sisi ndio tuliochelewa."

Da alifunua bakuli, akaangalia, akafunika. Halafu akasema, "Umeweka pilipili?"

"Kidogo. Sikujua kama unapenda."

"Kaa basi. Mtu hasimami na chakula mlangoni kama mpeleka mashtaka."

Wiki ile ile tulikuwa tumepokea msiba mkubwa kuliko yote ya mwaka: Mama Ablavi Kpɔɖo, kiongozi wa wauza viazi vikuu sokoni, kurasa thelathini na mbili, maziko Jumamosi. Kaka wa marehemu, Togbe Kpɔɖo, mzee wa ukoo, alikuwa ametuletea maandishi kwa mkono wake na sharti moja: "Herufi zetu zote. Ikikosekana hata moja, nitawaleta wauza viazi hapa mbele ya duka, na mnajua wanavyosema."

Da alianza kuchapa Jumatatu ile ile, baada ya abolo. Wachapaji wa mahakama hawaangalii kioo, wanaangalia karatasi. Alichapa saa nzima huku akitabasamu peke yake, akavuta pumzi, akainua macho. Kioo kilikuwa cheupe. Kurasa tano hazikuwapo.

Tulichunguza mpaka tukaelewa. Furaha ilikuwa imemlegeza vidole. Vilikuwa vinatua kwenye vitufe na kukaa, kama wageni wanaopenda nyumba. Akifika kwenye neno gbedodoɖa, yaani sala, dole gumba lake lilibembeleza kitufe cha ɖ zaidi ya kile kipande kimoja cha sekunde. Kibodi ikaona ameshikilia, kwa hiyo ikaamuru, na ile a iliyofuata ikawa amri ya kuchagua kurasa zote. Kitu chochote alichogusa baada ya hapo kilikaa mahali pa maisha yote ya Mama Ablavi. Kila akiomba, marehemu anafutika.

Jina la ukoo lilikuwa baya zaidi. Ile ɖo ya Kpɔɖo ilikuwa amri ya kufungua faili jingine, na mara mbili alijikuta akiendelea kuchapa ndani ya msiba wa wiki iliyopita, mpaka Mama Ablavi akapata wake wawili na cheo cha udereva.

Jambo moja tu alilifanya vizuri akiwa na furaha: kurudisha kilichofutika, maana hiyo nayo ilitaka kushikilia. Akafuta, akarudisha, akafuta, akarudisha, Jumanne kutwa.

"Da," nikamwambia, "si ubadilishe tu ule muda? Uiambie kibodi ikusubiri."

Alinitazama kama hakimu anayemtazama mtu aliyekuja na kuku mahakamani.

"Kafui, sheria haibadilishwi kwa ajili ya mshtakiwa. Kibodi iko sawasawa. Mimi ndiye niliyeharibika."

Efo Bansah alinivuta nyuma ya mashine ya kukatia karatasi. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mkasirishe."

"Nani? Mimi?"

"Unataka nimkasirishe mimi bosi wake, aache kazi? Wewe ni mtu mdogo, ukitukana inaisha hapo hapo. Mkasirishe mpaka Ijumaa."

Nikaenda. Sijawahi kuona aibu kama ile.

"Da Dzigbɔɖi," nikasema, "leo umevaa kama pazia la benki."

"Asante, Kafui. Benki haikosi watu."

"Na... na wigi lako limekaa kama kuku anayeatamia."

Akacheka mpaka akashika meza. "Umetoa wapi hiyo? Irudie nimpelekee Gameli." Na kurasa mbili za wafiwa zikapotea pale pale.

Jumatano habari zilikuwa zimeenea mtaani kwamba uchapaji wa msiba wa Mama Ablavi umekwama kwa sababu mchapaji ana raha. Watu wa kwetu hawaachi jirani akaharibikiwa. Muuza kenkey, ule ugali wa mahindi uliochachushwa, alipita dirishani akamwambia Da kwamba mguu wake mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Fundi cherehani wa mkabala alivuka barabara na pini mdomoni kuja kumwambia kwamba yale magauni ya Da ya kanisani aliyakosea kwa makusudi. Wauza viazi wanne walikuja wamejipanga kabisa, na mmoja wao, mwanamke mwenye kifua cha kuitia watu sokoni, alimtukana Da kwa robo saa bila kurudia neno. Da alisikiliza mpaka mwisho, akampigia makofi, akamwomba akae anywe maji.

"Mnanipenda," alisema huku machozi yakimlenga. "Mji mzima umeacha kazi kwa ajili yangu."

Baada ya hapo hata ŋ ilikataa kutoka.

Alhamisi asubuhi Togbe Kpɔɖo alituma mtu kuuliza. Efo Bansah akamwambia yule mtu kwamba wino unakauka, kisha akakimbia kanisani mwenyewe, akamkuta Efo Gameli anafuta vumbi kwenye kinanda.

"Mwalimu, ulimfanya nini mchapaji wangu?"

"Nilimpelekea abolo."

"Sasa nenda ukamtapishe. Gombana naye. Ukishindwa, Jumamosi Mama Ablavi anazikwa bila kitabu, na wimbo wako utapigwa kwa mawe ya wauza viazi."

Efo Gameli alikuja na karatasi. Alikuwa ameandika matusi njiani, nadhani kwa msaada wa watu, kwa sababu mwandiko ulikuwa wa aina tatu. Alisimama mbele ya meza, akasafisha koo, akasoma kama anayesoma matangazo ya ibada.

"Moja. Wewe mwanamke ni... hapa sioni vizuri... ni chungu kisichoiva. Mbili. Unatembea kama... Da Dzigbɔɖi, samahani, hii ya pili siisomi."

"Soma tu, Efo Gameli. Unasoma vizuri."

"Siwezi." Akaikunja karatasi. Akakaa kwenye rundo la mabango. "Siwezi kukwambia uongo. Na sasa umenifanya nikumbuke uongo niliokwambia Jumatatu, na unaniuma."

"Uongo gani?"

"Kwamba sisi ndio tuliochelewa. Hatukuchelewa." Alikuwa mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu akianza hasimamiki. "Ni wewe. Unawahi kila ubeti. Umewahi tangu nilipokuja kwenye kanisa hili, miaka tisa. Nakupenda, na unawahi."

Niliuona uso wa Da ukibadilika, kuanzia kidevuni kwenda juu, kama maji yanapopanda kwenye ndoo.

"Ninawahi?"

"Sana."

"Ukaja hapa na samaki?"

"Nilikuja kwa nia njema."

"Miaka thelathini na mmoja nimekaa mahakamani nikisikia wezi wakisema nia njema! Toka. Kafui, mtoe huyu. Bansah, nipe karatasi. Funga dirisha, sitaki kumwona muuza kenkey wala mtu yeyote aliyezaliwa na mama!"

Kibodi ikaanza kulia kama mvua ya mawe juu ya bati. Efo Bansah alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika mikono kifuani, macho amefumba, anamshukuru Mungu. Sala zilipita, gbedodoɖa saba kwa jumla, na hata moja haikufuta mtu. Kpɔɖo ilitoka mara mia na kumi. Kabla ya saa tisa mchana kurasa thelathini na mbili zilikuwa zimetoka, na Da akaondoka bila kumuaga mtu.

Mimi nilikata na kubandika mpaka Ijumaa jioni. Kazi ilikuwa nzuri, lakini niliifanya bila raha. Efo Gameli alikuwa amepita mara tatu mbele ya duka, kila mara na kisingizio kipya. Mara ya tatu alinunua karatasi ya msasa.

"Bado ana hasira?" aliniuliza.

"Efo, kitabu kizima hakina kosa."

Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Basi ni mbaya sana."

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka barabarani. Togbe Kpɔɖo alikishika kitabu kwa mikono miwili, akasoma jina la dada yake kwa sauti, herufi kwa herufi, akakigonga kwenye goti akaridhika. Da Dzigbɔɖi alikuwa kwenye kwaya, safu ya kwanza, ameangalia mbele. Kinanda kikatoa mwanzo wa wimbo, na kabla Efo Gameli hajainua mkono kuwaashiria, sauti ya Da ilikuwa tayari imeingia, peke yake, pana, imemtangulia kila mtu.

Watu wa kwaya wakamtazama mwalimu. Mwalimu akamtazama Da. Halafu Efo Gameli akafanya kitu ambacho mpiga kinanda hafanyi: aliruka mstari mzima, akamfuata. Kwaya ikakimbia nyuma yao. Ubeti wa pili Da akawahi tena, naye akamfuata tena, miguu yake ikicheza kwenye pedali kama mtu anayezima moto. Wafiwa walikuwa na vitabu vilivyochapwa vizuri, kwa hiyo hakuna aliyepotea. Mchungaji alifumbua macho kwenye sala akakuta wameshafika aya ya mwisho. Ibada iliyopangiwa muda wa saa tatu iliisha kwa saa moja na nusu. Wabeba jeneza walikutwa wanakula. Mama Ablavi alifika makaburini kabla ya kaburi kumalizika, ikabidi wote tusubiri juani huku wachimbaji wakitupiwa lawama na wauza viazi.

Pale, watu wakiwa wamesimama kwenye udongo mwekundu, Togbe Kpɔɖo alisema kwa sauti ya kusikika, "Dada yangu alikuwa hivi hivi. Sokoni alifika kabla ya soko." Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wa pili, kisha ukoo mzima, mpaka wachimbaji nao wakaegemea majembe. Nilimtafuta Da kwa macho. Alikuwa anacheka amejificha nyuma ya kitabu. Efo Gameli alikuwa amesimama kando yake na mwavuli, hakumfunika, ameushikilia tu katikati yao kama mtu anayengoja hukumu.

"Ulinifuata," Da alimwambia.

"Ningefanyaje? Ungefika peke yako."

"Lakini bado nawahi?"

"Bado, Da."

Da akachukua mwavuli, akaufungua mwenyewe. "Sawa. Lakini usiniletee tena samaki ukiwa unadanganya."

Jumatatu alikuja dukani na daftari lake la kaunta. Alikaa siku mbili hakuchapa neno, alijipima tu. Alijipima akiwa amekasirika, na kwa hilo alimwita Efo Bansah aje amweleze habari za likizo. Alijipima akiwa na njaa, akiwa ameshiba, akiwa anasubiri simu fulani na baada ya kuipokea. Kisha akaiandika kibodi upya kwa sheria mbili, na kitufe kimoja cha juu, kona ya kushoto, cha kuchagulia. Ukikigusa, sekunde inakatwa vipande saba. Ukikishikilia, kinawaka taa ndogo, sekunde inakatwa vipande vinne tu, na kibodi inakuwa na uvumilivu wa mkwe.

"Na ile sheria isiyobadilika, Da?" nikamuuliza.

"Haikubadilika. Imepata kifungu cha pili. Usijifanye wakili."

Tangu hapo mteja akiingia, kabla hajaketi, anachungulia kile kitufe kujua ameamkaje mchapaji. Da na Efo Gameli walifunga ndoa mwezi wa Novemba, bila kwaya kwa makubaliano. Mwaka mpya ulipoingia, Efo Gameli alikuwa ameanza maisha mengine kabisa: aliwaandikia wazee wa kanisa barua, imechapwa vizuri sana, akiomba ruhusa ya kukifungua kinanda ili kila pedali ifanye kazi mbili. Wazee walikaa vikao vitatu. Kwenye kikao cha nne walimwita aeleze, naye akaeleza kwa saa nzima, kwa upole, kwamba pedali ikiguswa itatoa sauti, na ikishikiliwa itamfanya mchungaji ajue muda umekwisha. Mchungaji alipiga kura ya hapana. Wengine wote walipiga ya ndiyo, na sasa suala liko kwa sinodi.